Gee Bee: pipa lenye mabawa na ndugu watano wa Springfield

Nikiwaonyesha wanafunzi wapya picha ya Gee Bee R-1, darasa zima hucheka. Mwili mnene kama pipa, mabawa mafupi, mkia kama haupo, na rubani kasukumwa nyuma kabisa, kisogo chake karibu kiguse usukani wa mkia. Kuna aliyewahi kuniuliza ile nusu yake nyingine imekwenda wapi. Nikamwambia ashike swali lake, tutalirudia.

Gee Bee ni matamshi ya G na B, herufi za Granville Brothers, yaani ndugu wa Granville: Zantford, Thomas, Robert, Mark na Edward. Zantford, ndiye kiongozi wao, alikuwa fundi wa magari aliyehamia kutengeneza ndege mbovu uwanjani Boston, zana zake zote akizibeba kwenye lori. Mwaka 1929 waliunda ndege yao ya kwanza, Model A, yenye mabawa ya juu na ya chini, rubani na abiria wakikaa bega kwa bega. Familia ya Tait, wenye biashara ya maziwa na aiskrimu huko Springfield, Massachusetts, ikatoa mtaji. Ndugu wakahamia huko na kufungua kiwanda ndani ya ukumbi wa dansi uliokuwa umetelekezwa. Oktoba ya mwaka huohuo soko la hisa la New York likaanguka. Nani tena angenunua ndege ya matembezi?

Lakini mashindano ya kasi ya ndege, ya kuzunguka minara, yalikuwa na zawadi za fedha taslimu, na mshindi alitangazika bure magazetini. Mwaka 1931 watu wa Springfield walichangishana fedha, ndugu wakaunda Model Z kwa wiki chache tu, na rubani Lowell Bayles akaibuka na kombe la Thompson kule Cleveland kwa wastani wa kilomita 380 kwa saa. Desemba 5, akitafuta rekodi ya kasi huko Michigan, bawa la kulia lilikatika mbele ya kamera. Wachambuzi waliotazama filamu ile picha kwa picha wanadhani kifuniko cha tangi la mafuta kilifyatuka na kumpiga rubani kupitia kioo cha mbele.

Mwaka uliofuata ikaja R-1. Wengi hudhani ilichorwa kwa kubahatisha. Sivyo. Mhandisi wao, Howell Miller, alipima mfano wake mdogo kwenye handaki la upepo, linalopuliza hewa kwa kasi juu ya mfano, la chuo kikuu huko New York. Injini yake ya Pratt & Whitney ilikuwa ya duara, pana, yenye nguvu farasi zipatazo 800. Mwili ukikatika ghafla nyuma ya kitu kipana namna hiyo, hewa huvurugika na kuivuta ndege nyuma. Kwa hiyo Miller aliuacha mwili utanuke zaidi ya injini yenyewe, kisha uchongoke polepole kuelekea mkiani, kama tone la maji. Rubani aliwekwa nyuma ili katika kona aone mnara anaouzunguka.

Sasa lile swali la nusu iliyopotea. Jaribu kusukuma mlango ukiweka kidole karibu na bawaba, halafu usukume ukishika ukingoni. Mkia hufanya kazi hivyohivyo: ukiwa mbali na kitovu cha uzito, nguvu kidogo hurudisha pua mahali pake, ukiwa karibu, utatoka jasho. R-1 ilikuwa na urefu wa mita 5.4 hivi, mabawa kutoka ncha hadi ncha mita 7.6. Mlango ule ulisukumwa kwenye bawaba.

Jimmy Doolittle, rubani mwenye shahada ya uzamivu ya uhandisi wa anga kutoka MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, hakuihukumu kwa sura. Alipanda nayo mita 1,500 kwenda kujaribu kona kali. Ndege ikabingirika mara mbili kabla hajaidhibiti. Angejaribia chini, tusingekuwa na hadithi. Septemba 1932 aliweka rekodi ya dunia ya ndege za nchi kavu (zisizotua majini), kilomita 476 kwa saa, akachukua na kombe la Thompson. Muda si mrefu akastaafu mashindano, na mimi naona hiyo ndiyo tathmini ya kweli ya ndege ile.

Mwaka 1933 uliwamaliza. Julai, Russell Boardman alianguka na R-1 akiruka kutoka Indianapolis, akafa. Septemba, Florence Klingensmith alikufa Chicago baada ya kitambaa cha bawa la Model Y, ndege yao nyingine, kuchanika; ndege ile ilikuwa imefungwa injini kubwa kuliko ya awali. Mwaka uliofuata waandaaji wakawafungia wanawake mlango wa mashindano ya taifa, kana kwamba kitambaa kilichanika kwa sababu rubani alivaa sketi. Kampuni ilifilisika. Februari 1934 Zantford mwenyewe alianguka huko Spartanburg, South Carolina, akipeleka ndege kwa mnunuzi: alipokaribia kutua aliona mafundi wa ujenzi kwenye njia, akajaribu kuwakwepa.

Wengine huziita zote ndege za mauti. Mwaka 1991 rubani Delmar Benjamin alianza kurusha nakala ya R-2, pacha wa R-1, na kwa takriban miaka kumi aliionyesha hadharani, hata akiipindua kichwa chini, bila kuumia.

Model A moja bado ipo, katika jumba la makumbusho ya ndege huko Windsor Locks, Connecticut. Viti viwili, bega kwa bega, mabawa marefu ya ghorofa mbili, na mkia wa urefu wa kawaida kabisa.