Je, wajua kwa nini makaravati ya barabara huhamia mashambani kwenye ramani ya mradi?

Programu nyingi za kusimamia miradi ya ujenzi siku hizi zina mwonekano wa ramani: badala ya kusoma orodha ndefu ya makaravati (njia za kupitisha maji chini ya barabara), mitaro na dosari zilizoripotiwa, mhandisi hufungua ramani na kuona kila kimoja kikiwa nukta juu ya picha ya setilaiti. Kwa jengo moja mwonekano huo si wa lazima sana, kwa kuwa mchoro wa ghorofa unatosha. Kwa barabara, bomba la maji au njia ya umeme inayopita vijiji vingi, ndio unaomwezesha mtu aliye ofisini Mtwara mjini kujua kwamba picha aliyotumiwa asubuhi ni ya bonde lipi.

Tuchukue mfano wa kufikirika kwenye njia halisi, barabara ya Mtwara–Newala–Masasi yenye urefu wa kilomita 210. Tuseme mkandarasi ameingiza kwenye programu orodha ya makaravati iliyotoka katika usanifu wa zamani. Ramani inafunguka, barabara inaonekana waziwazi kwenye picha ya setilaiti, lakini hakuna karavati hata moja lililo juu yake. Yote yamekaa kama mita 300 kaskazini, na kidogo magharibi, katikati ya mikorosho. Cha kustaajabisha ni kwamba hayakutawanyika: yamefuatana kwa mpangilio uleule, na yanapinda kila barabara inapopinda, kana kwamba kuna barabara ya pili isiyoonekana inayokwenda sambamba na ile ya kwanza.

Maelezo yanayotolewa haraka zaidi ni kwamba GPS ya simu si sahihi. Dhana hii imekaa sana vichwani, na ina historia yake: hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiipunguzia GPS ya raia usahihi kwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100. Kizuizi hicho kiliondolewa, na leo simujanja ya kawaida mahali penye uwazi hukosea kwa mita chache tu, mara nyingi kama tano. Ni kweli kwamba chini ya miti mikubwa au kando ya kuta ndefu kosa huongezeka, lakini hata hapo lina tabia yake: leo huangukia mashariki, kesho kusini, na nukta mbili zilizopimwa kwa dakika tofauti hazikosei kwa namna moja. Kosa la bahati haliwezi kusukuma makaravati yote kwa umbali mmoja na upande mmoja. Tena, katika mfano wetu simu haikuhusika kabisa, kwa kuwa majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, yalitoka kwenye jedwali la usanifu.

Wengine huilaumu picha ya setilaiti kwa kusema kwamba ni ya zamani. Picha ya zamani itakosa karavati jipya au itaonyesha changarawe mahali ambapo sasa pana lami. Haiwezi kuihamisha barabara. Ni kweli pia kwamba picha hizo huweza kukaa pembeni kidogo, hasa kwenye miteremko kama ile ya kupanda uwanda wa Makonde, lakini huko kwa kawaida tunazungumzia mita chache. Wapo pia wanaohitimisha kwamba programu ni mbovu, na hao ndio wanaosababisha hasara kubwa zaidi, kwa sababu hatua inayofuata ni kuzishika nukta moja moja na kuziburuta kwa mkono hadi barabarani. Ramani inapendeza, lakini kumbukumbu zimeharibika, kwa kuwa namba zilizomo sasa hazilingani tena na mchoro wowote.

Ukweli ni kwamba namba hazikukosea, na programu imezisoma kama ilivyoambiwa. Kilichokosekana ni kuiambia zilihesabiwa kuanzia wapi.

Fikiria kijiji chenye visima viwili, cha juu na cha chini. Mzee mmoja anamwelekeza mjukuu wake kwenye mkorosho fulani: toka kisimani, tembea hatua 200 mashariki, kisha hatua 300 kusini. Maelekezo ni sahihi kabisa, lakini mzee alikuwa na kisima cha juu akilini, naye mjukuu ameanzia cha chini. Atafika mahali halisi, atahesabu vizuri, na atakuta mti mwingine. Ukimtuma kwenye mikorosho kumi, ataikosa yote kumi kwa umbali uleule na upande uleule. Ongeza sasa jambo la pili: hatua ya mzee ni fupi kidogo kuliko ya mjukuu. Kwa mkorosho wa karibu tofauti hiyo haionekani, lakini kwa ule wa mbali inakuwa dhahiri. Kisima na urefu wa hatua, vyote viwili kwa pamoja, ndivyo wapimaji wanavyoviita msingi wa upimaji.

Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilijengwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960. Jina hilo linatokana na kazi kubwa ya kupima tao la dunia kando ya longitudo ya 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini kuja kaskazini, na umbo la dunia lililotumika ni duaradufu iliyokokotolewa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. GPS, kwa upande wake, hutumia msingi wa WGS84, ambao kitovu chake ni kitovu cha uzito wa dunia yenyewe. Kwa Clarke, nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta ni mita 6,378,249. Kwa WGS84 ni mita 6,378,137. Tofauti ya mita 112 katika dunia nzima! Vitovu vya maumbo hayo mawili navyo vimeachana kwa zaidi ya mita 300, sehemu kubwa ikiwa kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Vipimo vya zamani havikuwa vya hovyo; vilifanywa na watu waliopima pembe kutoka kilele hadi kilele, na ndani ya msingi wao vinapatana vizuri.

Hapa pana jambo ambalo nadhani linastahili kujulikana zaidi. Katika latitudo ya 10 kusini, inayopita karibu na mji wa Lindi, ukichanganya misingi hii miwili huku majira yako yakiwa katika mita za gridi, yaani mtandao wa miraba unaochorwa juu ya ramani, nukta itahama takriban mita 300 kuelekea kaskazini na karibu mita 100 kuelekea magharibi. Ukichanganya misingi ileile huku majira yakiwa katika nyuzi, mhamo wa kaskazini unashuka hadi takriban mita 200. Kosa ni lile lile, lakini matokeo ni tofauti, kwa sababu mita za gridi huhesabiwa kutoka ikweta na hubeba pia tofauti ya urefu wa hatua, ambayo kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka ikweta hadi Lindi imefikia karibu mita 100.

Kwa hiyo namna nukta zilivyokosea hueleza chanzo chake. Zikitawanyika kila upande kwa mita chache, ni kipokezi cha GPS. Zikihama zote pamoja, ni msingi wa upimaji. Zikianza sawa mwanzoni mwa barabara na kuzidi kuachana kadiri unavyosonga mbele, tafuta kosa katika urefu uliopimwa kando ya barabara, ambao wahandisi huuita cheineji: karibu na longitudo ya 39 mashariki, inayopita jirani na Ndanda, kilomita moja ya ardhini huwa mita 999.6 tu kwenye gridi, na asiyelijua hilo hupoteza sentimita 40 kila kilomita.

Yapo pia makosa yanayoruka mbali zaidi. Ukiisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ya Lindi, nukta yako itatua Ethiopia. Ukibadilishana latitudo na longitudo, itaangukia Atlantiki, magharibi ya pwani ya Ureno. Ukichagua gridi ya kanda ya 37 Kaskazini badala ya 37 Kusini (kanda ni kipande cha dunia chenye gridi yake), karavati la Lindi litaogelea katika bahari ya Aktiki, kwenye latitudo ya takriban 80. Makosa haya hayana madhara makubwa, kwa kuwa kila mtu huyaona papo hapo. Linalodhuru ni lile la mita 300, kwa sababu linabaki wilaya ileile, kijiji kilekile, na kwa macho ya haraka linafanana na ukweli.

Na mita 300 si kidogo. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mhamo wa mita 300 ni mara kumi ya upana huo. Mstari wa hifadhi ukichorwa juu ya msingi usio wake, mkulima ambaye shamba lake haliguswi anaweza kuingia kwenye orodha ya fidia, na yule ambaye mikorosho yake itakatwa kweli akaachwa nje.

Marekebisho hufanyika mara moja, kabla ya kuingiza jedwali. Katika EPSG, orodha ya kimataifa inayoipa kila gridi na msingi wake namba, gridi ya 37 Kusini kwa Arc 1960 ina namba 21037, na kwa WGS84 ina namba 32737. Programu ikipewa namba sahihi, hubadilisha yenyewe nukta zote kwa pamoja. Kisha kitu kisichobishaniwa, kama vile daraja linaloonekana kwenye picha, kitumike kuhakiki. Hata hivyo mabadiliko hayo ni ya makadirio: vigezo vilivyochapishwa kwa Tanzania pekee na vile vya wastani wa Kenya na Tanzania vinaachana kwa takriban mita 15 kwenye mhimili mmoja na 17 kwenye mwingine. Kwa kutazama ramani na kumtuma mkaguzi kwenye karavati husika, hiyo inatosha. Kwa kupigilia vigingi vya ujenzi haitoshi, na hapo ni lazima mpimaji aanzie kwenye alama za upimaji zilizopo ardhini, hasa zile zilizofungwa kwenye TAREF11, mfumo mpya wa taifa ambao, kwa kazi za kuonyesha nukta kwenye ramani, unakaribiana sana na WGS84.