Utapeli wa kutanguliza pesa ni nini?

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na wasio na muda wa kuhangaika na simu zao nawatumia barua pepe. Siku moja, kabla ya Alasiri, akaingia mwalimu mmoja mstaafu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitolee hii kopi mbili. Halafu unipigie skani kitambulisho changu cha NIDA, nataka kukipeleka London."

Si kawaida yangu kusoma karatasi za wateja, lakini hii ilikuwa inatoka taratibu na macho hayana pazia. Anayeandika ni wakili. Mteja wake, mhandisi, kafa ajalini pamoja na mke na watoto. Kaacha benki dola milioni 4.5, mrithi hakuna, na mwezi ukiisha benki itazichukua. Kwa kuwa jina la ukoo la marehemu linafanana na la mwalimu, wakili yuko tayari kumsimamisha kama ndugu wa damu: asilimia 40 za mwalimu, zilizobaki zake. Neno "siri" nimelihesabu mara tano kwenye ukurasa mmoja. Chini kabisa, kwa maandishi yasiyo na mbwembwe, dola 120 za kufungua faili.

"Mwalimu, hii mia na ishirini bado hujatuma?"

Akaitazama printa badala ya kunitazama mimi. "Nilituma Jumamosi. Sasa wanasema kuna kodi, mia nane na hamsini."

Huo ndio utapeli wa kutanguliza pesa. Mtu anakuahidi kitu kikubwa: urithi, bahati nasibu, kazi ng'ambo, mkopo bila dhamana. Kisha anakutaka utoe kwanza kitu kidogo ili kile kikubwa kifunguke. Kikubwa hakipo na hakijawahi kuwapo. Kile kidogo unachotanguliza ndiyo biashara yenyewe, tena haiishii hapo. Ukishalipa faili inakuja kodi, ukilipa kodi inakuja bima ya kusafirisha fedha, ukilipa bima kinatakiwa cheti cha kuthibitisha kwamba fedha si za ugaidi. Kila malipo yanaitwa ya mwisho.

Wavuvi wa huku kwetu wana mtego wa kusuka unaoitwa dema. Mdomo wake kwa nje ni mpana, unabana kadiri unavyokwenda ndani. Samaki hasukumwi wala havutwi, anaingia kwa miguu yake, kama samaki angekuwa na miguu. Dola 120 ni mdomo wa dema. Ukishaingia, kinachokuzuia kutoka si tamaa tena, ni zile 120. Unajiambia nikiacha sasa nimezipoteza, bora nimalizie. Mwalimu aliniambia maneno hayohayo, karibu kwa mpangilio huohuo, na huyu si mtu wa tamaa. Anataka kumalizia banda la uani aweke mpangaji.

Nikamuuliza swali moja, na kwangu mimi hilo swali linatosha kuliko orodha zote za tahadhari. Kama kweli kuna milioni nne na nusu zinakusubiri, kwa nini hiyo 850 wasiikate humo humo?

Alikaa kimya muda mrefu.

Fikiria mambo ya kila siku. Ukitoa pesa kwa wakala, makato yanatoka kwenye salio lako, huambiwi ukope kwanza kwa jirani. Ukikopeshwa, mara nyingi ada inakatwa kwenye mkopo kabla haujakufikia. Dalali wa mazao anachukua chake baada ya kuuza. Mwenye pesa anakata, asiye na pesa anaomba. Ndiyo maana tapeli hawezi kukubali kukata: hana pa kukata.

Najua utasema mbona tunatanguliza kila leo. Kodi ya nyumba tunalipa miezi sita mbele, fomu ya chuo ina ada, pasipoti ina ada. Kweli. Lakini hapo unanunua kitu kinachojulikana, kwa mtu anayejulikana, na unajua mlango wa kwenda kugonga ukidhulumiwa. Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba maalumu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontro namba, na risiti inatoka. Hakuna anayekuahidi mamilioni kwa kulipia fomu. Ukiona ada imefungwa kwenye zawadi, hapo simama.

Kuna jambo jingine mwalimu alilipita bila kuliona. Zile 120, kama laki tatu hivi za kwetu, alizituma kwa simu. Wakili yuko London, benki iko London, lakini pesa imekwenda kwenye namba ya simu ya Tanzania, na kabla hajaweka namba ya siri simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Mtu binafsi, majina matatu, wala si kampuni ya mawakili. Aliambiwa huyo ni "mwakilishi wa kanda". Lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala tumezoea kulipita mbio kama bango la barabarani. Lisome. Likitofautiana na uliyeambiwa unamlipa, bonyeza hapana.

Mwalimu alikuwa akifundisha historia, na nadhani kilichompoza kidogo moyo ni kujua kwamba hii hila ina umri. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, wafungwa wa Ufaransa waliwaandikia matajiri barua wakijifanya watumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia mapinduzi na kuficha sanduku la vito njiani. Msaada kidogo tu, na sanduku litachimbuliwa. Vidocq, mhalifu aliyegeuka mkuu wa upelelezi jijini Paris, alizieleza na kusema ziliitwa barua za Yerusalemu. Baadaye ukaja mtindo wa mfungwa wa Hispania: tajiri amefungwa huko, mchangie atoke, akitoka atakugawia mali. Leo mfungwa amekuwa marehemu mhandisi, na sanduku limekuwa akaunti.

Watu wengi duniani wanauita utapeli huu 419, namba ya kifungu cha sheria ya makosa ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Jina hilo limewaonea Wanigeria wengi ambao nao wanalizwa kama sisi. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza swali zuri: kwa nini barua hizi nyingi zinajitaja kuwa zimetoka Nigeria, wakati dunia nzima imeshaisikia hadithi hiyo? Jibu lake ni kwamba upuuzi wa barua ni chekecheo. Kutuma barua milioni ni karibu na bure, kinachogharimu ni muda wa kuzungumza na anayejibu. Mwerevu akicheka na kuifuta, tapeli kafurahi, kaokoa muda. Anamtaka yule ambaye atabaki kwenye chekecheo.

Ila usimcheke aliyebaki. Kati ya mwaka 1995 na 1998, Nelson Sakaguchi, mkurugenzi katika benki ya Banco Noroeste ya Brazili, alihamisha mamilioni ya dola za benki yake akiamini zinajenga uwanja wa ndege Abuja, hasara yote ikafika dola milioni 242. Aliyekuwa upande wa pili, Emmanuel Nwude, alijifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria na kumwahidi kamisheni ya dola milioni 10. Uwanja haukuwapo. Nwude alihukumiwa mwaka 2005. Yaani mtu wa benki, anayesoma mikataba kwa kazi, alitanguliza hivyo. Nilipomweleza mwalimu, akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati.

Sasa barua yenyewe, ambayo ilimfikia kwa barua pepe, tuiangalie kwa karibu kwenye simu. Jina linaloonekana juu halina maana yoyote, kila mtu anaweza kujiandika wakili au waziri. Ligonge kwa kidole, anwani kamili itajitokeza. Ya mwalimu ilikuwa anwani ya bure, ile ambayo hata mimi na wewe tunafungua kwa dakika tano. Na tulipobonyeza kujibu, jibu likaelekea anwani nyingine kabisa. Hiyo ni dalili mbaya sana. Kwa anwani zinazodai ni za serikali yetu, angalia mwisho: lazima iishie na .go.tz, pamoja na nukta yake ya mbele. Ikiwa baada ya hapo kuna nukta na maneno mengine, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine iliyopakwa rangi ya ofisi. Na hata anwani ikionekana safi usiipe ushahidi wote, maana anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa. Anwani mbaya inatosha kumkataa mtu. Anwani nzuri haitoshi kumkubali.

Zamani tuliwaambia watu watazame Kiswahili kibovu. Ushauri huo umezeeka. Siku hizi mashine zinaandika Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu, kwa hiyo usimwamini mtu kwa sababu tu ngeli zake ziko sawa. Tazama anachokitaka: haraka, siri, na pesa mbele. Siri ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kazi yake ni kukutenga na mwanao, mkeo, au mwenye steshenari asiyejua kufumba macho.

Huku Tanga hila inavaa nguo za kwetu. Tangu bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, lianze kuelekea Chongoleani, kila kijana anaitafuta hiyo kazi, na mtu akitaka kukuuzia ndoto anajua aiite kwa jina gani. Ukiambiwa umepita bila usaili ila utume kwanza hela ya vipimo vya afya na sare, swali ni lile lile: kwa nini wasikate kwenye mshahara wa kwanza? Halafu kuna meseji za kukualika ujiunge na Freemason uwe tajiri, kiingilio kwanza, na za mganga wa pesa za majini ambaye, kwa bahati mbaya yetu, kila mara anatokea Tanga. Mji una kazi nyingi ila hiyo ndiyo tunayosifiwa.

Ukipata barua ya namna hii, usijibu hata kwa matusi. Jibu lolote linawaambia kwamba anwani yako ina mtu, na wataiuza kwa wenzao. Kitambulisho usikitume kabisa. Nakala ya NIDA ni mali, inaweza kutumika kukopea au kufanyia mengine kwa jina lako. Kama kimeshakwenda, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua katoe taarifa kwa mtandao husika. Namba ya tapeli wa simu inatumwa 15040. Na mtu akikuomba upokee pesa kwenye akaunti yako kisha uzipeleke mbele ubaki na chako, kataa, hata kama hadai chochote. Hapo hutapeliwi wewe, unatumiwa kuficha pesa za aliyetapeliwa, na polisi watakuja kwako kwanza.

Pesa ikishatoka, dakika zina thamani kuliko aibu. Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe waizuie kabla haijatolewa. Usifute meseji wala barua, kwa uchungu wowote ulionao. Nenda kituo cha polisi ukachukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, maana bila hiyo hakuna anayekufungulia kumbukumbu za muamala. Sheria ipo, ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na udanganyifu wa kutumia kompyuta umo ndani yake. Wengi hawafiki kituoni kwa sababu wanaona haya kuulizwa waliaminije.

Mwalimu alikwenda, nilimsindikiza mwenyewe jioni ile. Laki tatu zilikuwa zimetolewa kwa wakala Jumamosi ileile, chini ya saa moja baada ya kutumwa. Skani ya kitambulisho hatukuipiga.

Wiki mbili baadaye akarudi na barua nyingine. Safari hii ni ofisi ya kimataifa ya kuwarudishia fedha waliotapeliwa. Wanalijua jina lake, wanajua kiasi alichopoteza, na wamezipata pesa zake zote pamoja na fidia. Ukishaliwa mara moja jina lako linaingia kwenye orodha ya watu wanaolipa, na orodha hiyo inauzwa. Mara nyingine mnunuzi ni yuleyule aliyekuliza mwanzo. Walikuwa wanaomba dola 75 za usajili.

"Hii sikuitolei kopi, mwalimu," nikamwambia.

"Sijaja kutoa kopi," akajibu, akavuta kiti. "Nionyeshe inavyofutwa."