Drafti sio kunyonywa: anayeongoza naye anafaidika

Kila ikizunguka klipu ya NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, kwenye viwanja vya Daytona au Talladega, lazima atokee mtu wa kutufafanulia kwamba yule wa nyuma "anamnyonya" wa mbele, kwamba wa mbele ndo anafanya kazi yote, ni kama anavuta gari mbili, na ndo maana mwishoni anapitwa. Anamalizia kwa kujiamini kabisa: hiyo ndo drafti. Hapo kwenye kuvuta gari mbili ndo naombaga tusimame kidogo.

Drafti yenyewe haina mambo mengi. Gari ikikimbia inapasua hewa, nyuma yake panabaki hewa iliyovurugika yenye presha ndogo, ukijibanza hapo upepo unaokupiga usoni unapungua na injini yako ile ile inakupeleka mbio zaidi. Dereva wa boda anayejificha nyuma ya fuso barabara kuu anaijua hii hata kama hajawahi kusikia jina lake (na aache, fuso ikifunga breki ndo basi tena).

Ila kwa hizi gari za Marekani sio suala la kubana mafuta, ni suala la mbio nzima. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, yaani ukiongeza mwendo mara mbili hewa inakukatalia mara nne, na nguvu ya injini inayotakiwa kushindana nayo inapanda mara nane. Halafu Daytona na Talladega kona zimelazwa digrii 31 na 33, dereva anakanyaga mafuta mpaka chini karibu mzunguko wote, na tangu 1988 injini za viwanja hivyo viwili zinabanwa pumzi makusudi (zinapunguziwa hewa inayoingia ili nguvu ishuke), baada ya gari ya dereva Bobby Allison kupaa na kurarua uzio wa mashabiki Talladega mwaka 1987. Kwa hiyo kila mtu ana nguvu karibu sawa, mguu umeshafika chini, huna cha kuongeza. Kilichobaki ni hewa tu.

Aliyeifanya drafti iwe silaha ni dereva Junior Johnson, jamaa wa North Carolina aliyekulia kwenye biashara ya familia ya kusafirisha gongo usiku huku anakimbizana na maafisa wa serikali. Mwaka 1960 alienda Daytona na Chevrolet ambayo kwa mwendo ilikuwa imeachwa mbali na gari za Pontiac za wapinzani wake, akagundua kwenye mazoezi kwamba akijibandika nyuma ya Pontiac anaenda nayo sawa, na zile mbio zenyewe, Daytona 500, akazichukua yeye. Nadhani hii stori ndo imezaa lile kosa, maana inasimuliwa kama mjanja alimpanda mgongoni mwenye nguvu, basi watu wakahitimisha kwamba aliyepandwa alichoka.

Sasa jiulize hivi. Gari ishirini zimeshonana kwenye mstari mmoja, yule wa kwanza hana mtu mbele yake, anakula upepo wote. Kama drafti inamsaidia wa nyuma peke yake, basi wa kwanza angekimbia kwa mwendo ule ule wa siku akiwa peke yake uwanjani, na kama kweli anavuta gari mbili angeenda taratibu zaidi ya hapo, na wale kumi na tisa wangekwama nyuma yake, maana mstari hauwezi kwenda mbio kuliko kichwa chake. Lakini sivyo inavyokuwa. Mwaka 2011 Daytona, dereva Dale Earnhardt Jr. alishika namba moja kwenye kufuzu, kila mtu anakimbia peke yake, kwa wastani wa maili 186 kwa saa, karibu kilomita 300. Siku zile zile, uwanja ule ule, gari mbili zilizogusana bampa kwa bampa zilikuwa zinapita maili 200, kilomita 320 na zaidi, mpaka NASCAR wakashtuka wakabana injini tena. Na wa mbele yumo kwenye huo mwendo, hakuachwa kwenye 186.

Sababu iko mkiani. Watu wanadhani hewa inasumbua kwa mbele tu, kumbe sehemu kubwa ya mzigo ni ile presha ndogo nyuma ya gari, inairudisha nyuma muda wote. Gari ya pili ikisogea, ile hewa inayoisukuma mbele ya pua yake inajaa pale kwenye lile pengo, presha inapanda, na wa mbele anaachiwa. Hajaguswa hata na bampa bado.

Mkenya yeyote aliyeangalia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 ameiona hii bila kuambiwa. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40, mbele yake wakimbiaji watano wamejipanga kwa umbo la V, na nyuma yake wawili. Wengi walidhani wale wawili wa nyuma ni wasindikizaji. Walikuwa kazini, waliwekwa pale kwa hesabu za hewa.

Tofauti ni kwamba faida hailingani, wa nyuma anapata nyingi na wa mbele anapata kidogo. Huo ukubwa wa tofauti ndo unampa wa nyuma mbio za kumkaribia mwenzake na kuchomoka pembeni mwishoni, na ndo maana Talladega ya Aprili 2011 uongozi ulibadilika mara 88 na dereva Jimmie Johnson akashinda kwa sekunde 0.002, huku Earnhardt Jr. akimsukuma mpaka kwenye mstari na mwenyewe kumaliza wa nne. Huyo wa nyuma alimnyonya nani hapo?

Kuna mahali neno kunyonya linakaribia ukweli, ila sio kwenye mstari. Ni pale gari inapokaa ubavuni mwa nyingine, pua yake karibu na tairi la nyuma la mwenzake, hewa inasukumwa kwenye spoila (lile bawa la nyuma) ya yule aliye mbele kidogo na anapungua mwendo kweli. Hiyo wanaiita saidi drafti na ni ubabe mtupu. Kwa hiyo wewe mfafanuzi wa klipu ukiona zimeongozana sema zinasaidiana, mmoja zaidi ya mwingine, na hilo neno lako la kunyonya litunze mpaka zikae ubavu kwa ubavu.