Ugumu wa kifedha wa kaya si bili ya hospitali tu

Tangu UVIKO-19 ilipotokea, habari za majanga ya afya hazikosi kutaja "ugumu wa kifedha wa kaya", na wengi wanaozirudia wanazungumza kana kwamba ni bili ya hospitali. Kaya iko kwenye ugumu wa kifedha pale inaposhindwa kulipia yasiyoahirishika, kama chakula, kodi ya nyumba, dawa na marejesho ya mkopo, bila kukopa tena au kuuza mali. Si lazima iwe maskini. Wenye mishahara miwili nao wanaweza kufika huko upesi, mishahara ikikatika na mkopo wa nyumba ukabaki palepale.

Mkanganyiko unachangiwa na kipimo. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, kiashiria 3.8.2 kwa miaka mingi kilihesabu watu wa kaya zilizotumia zaidi ya asilimia 10, au 25, ya matumizi au kipato chao kwa matibabu. Kwa kazi hiyo kinafaa. Lakini mchukue mgonjwa aliyeandikiwa vipimo, akaulizia bei dirishani, akaikunja karatasi na kurudi nyumbani. Hakulipa kitu, kwa hiyo kwenye hesabu anaonekana salama kuliko jirani yake aliyelipa. Au fundi cherehani ambaye hakuugua hata siku moja: shughuli zilifungwa, wateja wakakata mguu, akauza cherehani alipe kodi. Naye hayumo. Huyu ndiye anayeniuma zaidi, maana shughuli zikifunguliwa hana tena cha kufanyia kazi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 dunia ilipoteza asilimia 8.8 ya saa za kazi, sawa na ajira milioni 255 za muda wote. Wengi waliopoteza saa hizo hawakulazwa popote.

Tena, kuahirishiwa marejesho ya mkopo si kusamehewa deni. Mara nyingi riba huendelea kuhesabiwa, na kuna kaya zinazoanza kuelemewa siku nafuu hiyo inapokoma.

Kwa hiyo ukiona malipo ya wagonjwa hospitalini yameshuka wakati wa mlipuko, usikimbilie kuandika kwamba kaya zimepata nafuu. Angalia kwanza kama watu walikuwa bado wanakwenda kutibiwa.