Amri zilezile, chati tofauti: mpangilio unavyobadilisha jibu la logi

Chukua amri tatu za kuhoji logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo mifumo hujiandikia: moja ya kuchuja, moja ya kuhesabu, moja ya kuchora. Zipange hivi upate chati moja, zipange vile upate nyingine kabisa, na mfumo hautakuonya popote, maana kwake maswali yote mawili, yaani mipangilio yote miwili ya amri, ni halali.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Swali lenye kosa la tahajia hukataliwa papo hapo na unalirekebisha. Swali lenye mpangilio mbaya hutoa picha safi yenye rangi, picha inapandishwa kwenye dashibodi, na watu wanaanza kufanya maamuzi kwa kuitazama.

Lugha nyingi za kutafutia logi, kama SPL ya Splunk na KQL ya Microsoft, zinafuata utaratibu wa bomba: amri moja, kisha alama ya |, kisha amri nyingine. Wazo lenyewe ni la Doug McIlroy wa maabara za Bell Labs, na liliingia kwenye mfumo endeshi wa Unix mwaka 1973. Kanuni yake ni moja tu, lakini ni kali: kila amri inapokea kilichoachwa na amri iliyotangulia, basi. Haijui kilichokuwepo kabla ya hapo, wala haiwezi kurudi nyuma kukichukua. Waliolelewa na SQL, lugha ya kuhoji hifadhidata, ndio hasa wanaopata shida hapa, kwa sababu SQL imewazoesha kuandika SELECT mwanzoni ilhali injini inaanza na FROM, inachuja kwa WHERE, inakusanya kwa GROUP BY, halafu ndipo inaifikia SELECT. Huko injini inakupangia. Kwenye bomba mpangaji ni wewe.

Kwa hiyo chati haichorwi kutokana na logi zako. Inachorwa kutokana na jedwali la mwisho lililobaki. Mfano mwepesi kabisa, wa SPL, ni huu (`index=wavuti` inaleta logi za tovuti, `stats` inahesabu kwa makundi, `timechart` inahesabu kwa vipande vya muda na kuchora):

index=wavuti | stats count by seva | timechart count

Hutapata kitu. `stats` imeacha safuwima mbili tu, `seva` na `count`. Uga wa `_time`, unaobeba muda wa kila tukio, umeondoka, na `timechart` haiwezi kuchora bila huo. Mfano huu hauniogopeshi, kwa sababu chati tupu inamfanya mtu aulize. Zinazoniogopesha ni zile zinazojaa.

Tuanze na `head`, inayobakiza matukio ya kwanza kwa idadi uliyoitaja. Mtu anaona swali linachelewa, anaamua kupunguza mzigo:

index=wavuti | head 10000 | timechart span=5m count

Splunk kwa kawaida inatoa matukio mapya kwanza. Kama huduma inaandika matukio 2,000 kwa dakika, hayo 10,000 ni dakika tano za mwisho tu. Lakini `timechart` inachora dirisha zima la muda uliloomba, na vipande vya dakika tano (`span=5m`) visivyo na matukio inavijaza sifuri. Umeomba saa 24, umepewa mstari uliolala chini siku nzima na mnara mmoja ukingoni kulia. Asiyejua swali lililoizaa chati hiyo atasema huduma ilikuwa imekufa, ikafufuka sasa hivi. Kwenye KQL hali ni mbaya zaidi, maana `take`, mwenzake wa `head`, haikuahidi itachukua safumlalo zipi. Ukitaka swali jepesi, punguza dirisha la muda au chuja mapema kwa uga unaojulikana; usikate matukio kabla ya kuyahesabu.

Amri ninayotaka tuitazame kwa karibu zaidi ni `dedup`, inayoondoa marudio, kwa sababu chati yake mbaya inapendeza. Tuseme unataka kujua ni wateja wangapi tofauti wanaotumia huduma kila saa. Wengi wanaandika:

index=wavuti | dedup mteja | timechart span=1h count

Chati inatoka ikipanda kwenda kulia, taratibu mwanzoni, kwa kasi mwishoni. Anayeitazama anaona huduma inayokua. Sasa fuata tukio moja moja. Mteja fulani ameingia saa 3 asubuhi, akarudi saa 7 mchana, akaja tena saa 11 jioni. Matukio yanakuja mapya kwanza, na `dedup` inabakiza la kwanza inalokutana nalo kwa kila mteja, yaani lile la saa 11 jioni. Yale ya asubuhi na mchana yamefutwa kabla ya kuhesabiwa. Fanya hivyo kwa kila mteja, na wote walio hai wanarundikana kwenye vipande vya mwisho. Saa za nyuma zinabaki na wale tu ambao hawakurudi. Endesha swali hilohilo kesho na kilima kitakuwa kimehamia kesho. Hakihusu huduma hata kidogo. Kinahusu saa uliyobonyeza kitufe.

Jibu sahihi ni kuacha upekee uamuliwe ndani ya kila kipande cha muda, kwa `dc`, inayohesabu thamani tofauti:

index=wavuti | timechart span=1h dc(mteja)

Na kama ulichotaka kweli ni wateja wapya, yaani kila mmoja ahesabiwe saa aliyoonekana mara ya kwanza, hilo ni swali la tatu:

index=wavuti | stats min(_time) as _time by mteja | timechart span=1h count

Hapa `stats` haiui muda, kwa sababu tumeukokotoa na kuurudishia jina lake. Ila angalia: kilima sasa kitahamia kushoto, kwa kuwa kila mteja wa zamani anaonekana mgeni anapoingia kwenye dirisha lako kwa mara ya kwanza. Inabidi utafute nyuma zaidi ya pale unapotaka chati ianzie, kisha ukate sehemu ya mwanzo baada ya kuhesabu. Kukata kule kunaniudhi, huku kunanifurahisha, na tofauti ni mahali tu.

Kuchuja nako kuna tabia hiyohiyo. `where hali>=500` ikija kabla ya `timechart` inachuja matukio kwa msimbo wa hali: unachora hitilafu za seva (500 na kuendelea) peke yake. `where` ikija baada, inachuja vipande vya muda kwa hesabu zake, maana uga wa `hali` haupo tena. Maswali yote mawili yana maana, lakini ya pili ina mtego. Ukiandika `timechart count by seva | where count > 50`, hutapata chochote hata kama kila seva ina matukio elfu, kwa sababu baada ya kugawanya kwa `seva` hakuna tena uga uitwao `count`. Safuwima sasa zinaitwa kwa majina ya seva. Unayetaka kuchuja kwa hesabu, hesabu kwanza kwa umbo refu (safumlalo moja kwa kila kipande cha muda na seva; `bin` ndiyo inayokata muda vipande), chuja, kisha geuza jedwali kwa `xyseries`:

index=wavuti | bin _time span=5m | stats count by _time, seva | where count > 50 | xyseries _time seva count

Ni ndefu, nakubali, lakini kila hatua inasema inachofanya.

Kuna pia kile kichujio cha `where count > 0` ambacho watu hukiweka mwishoni ili chati isionekane na mashimo. Kwangu hicho ni hatari kuliko vyote. Sifuri katikati ya mchana ndiyo habari yenyewe: huduma ilinyamaza. Ukiiondoa safumlalo hiyo, mstari unaunganisha nukta ya kabla na nukta ya baada, na kukatika kwa huduma kunapotea kwenye picha bila alama. `stats` pamoja na `bin` inafanya jambo hilo hata bila kichujio, kwa kuwa haitengenezi safumlalo ya kipande kisicho na tukio. Vilevile `summarize` ya KQL, mwenzake wa `stats`. Ndiyo maana kwa chati za muda napendelea `timechart`, na kwenye KQL `make-series` yenye `default=0`, ambazo hujaza sifuri zenyewe.

Wastani unahitaji hesabu kidogo. Seva ya kwanza imehudumia maombi 990 kwa wastani wa milisekunde 100. Ya pili imehudumia 10 kwa wastani wa 2,100. Ukikokotoa wastani moja kwa moja kutoka kwenye matukio, unapata 120. Ukipitia kwanza `stats avg(muda) as wastani by seva`, kisha ukachukua wastani wa hizo mbili, unapata 1,100. Namba zote mbili zimekokotolewa sawasawa. Ya kwanza inaeleza ombi la kawaida, ya pili inazipa seva mbili uzito sawa hata kama moja haina kazi. Kwa pasentaili sina mjadala: pasentaili ya 95 (thamani ambayo asilimia 95 ya maombi hayaizidi) ikishakokotolewa kwa kila seva, wastani wake haurudishi pasentaili ya 95 ya wote. Ikokotoe kutoka kwenye matukio ghafi au usiichore.

Jumla inayokua nayo hutegemea nani amesimama wapi. `streamstats` inajumlisha kwa kufuata mpangilio inaoukuta. Ukiiweka juu ya matukio ghafi, inaanza na jipya kurudi nyuma, na chati inashuka badala ya kupanda. Ukiiweka baada ya `timechart`, ambayo hutoa vipande kuanzia cha zamani, inapanda inavyotakiwa:

index=wavuti | timechart span=1h count | streamstats sum(count) as jumla

Kwenye KQL sharti upange mwenyewe, maana `summarize` haitoi ahadi yoyote ya mpangilio, na `sort by` usipoiambia kitu hupanga kwa kushuka (`row_cumsum` ndiyo inayotoa jumla inayokua):

Wavuti | summarize idadi = count() by bin(wakati, 1h) | sort by wakati asc | extend jumla = row_cumsum(idadi) | render timechart

Toa neno `asc` na namba za `jumla` zitabadilika. `render` lazima iwe ya mwisho, na hapo angalau lugha inakulazimisha.

Mengine madogo nayataja kwa haraka. Tukio lisilo na uga wa `seva` linatupwa na `stats count by seva` kimyakimya, hivyo `fillnull`, inayojaza uga mtupu kwa jina kama "haijulikani", itangulie. Kuunganisha misimbo ya hali kuwa makundi, mathalani 500 hadi 599 kuwa "hitilafu za seva", kufanyike kwa `eval`, amri ya kutengeneza uga mpya, kabla ya kuhesabu. `timechart` yenye `by` huonyesha mifululizo 10 na kumwaga iliyobaki kwenye `OTHER`; kuificha `OTHER` baadaye hakurudishi seva zilizozama humo, wakati kuchuja kabla au kuongeza `limit` kunazirudisha. Na `top`, inayoorodhesha thamani zinazojitokeza zaidi, huongeza safuwima ya asilimia ambayo chati ya nguzo itaichora kama mfululizo wa pili. Iondoe kwa `fields - percent`.

Nikiletewa chati yenye shaka, siitazami chati. Nafungua jedwali, nafuta amri ya mwisho, naendesha, nasoma safumlalo tano za juu na majina ya safuwima. Nafuta inayofuata, naendesha tena. Kila hatua nauliza mambo matatu: safumlalo moja hapa ni nini, tukio, kipande cha muda au seva? `_time` bado ipo? Safumlalo zimepangwa kwa nini? Mara nyingi, mahali ambapo jibu la swali la kwanza linabadilika bila mwandishi kukusudia ndipo chati ilipoharibikia, na kinachobaki ni kuhamisha amri moja upande wa pili wa |.