Karoti za kwenye ndoo: tunayoambiana na ukweli wake

"Karoti ni za Lushoto na Mgeta, huku pwani hazikubali." Kauli hii imewavunja moyo wengi kabla hata hawajanunua mbegu. Ni kweli karoti hupenda baridi: hujaa na kukolea rangi kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi, na joto likizidi hutoka fupi, zimepauka. Lakini aina ya Kuroda huvumilia joto kuliko Nantes, na kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta nafuu hata Dar es Salaam. Tena ndoo ina jambo ambalo shamba halina: jua la mchana likiwa kali, unaisogeza kivulini.

Dhana inayoharibu karoti nyingi kuliko zote ni ile ya kusia mbegu kitaluni kisha kuhamisha miche, kama tunavyofanya kwa nyanya. Karoti tunayokula ndiyo mzizi mkuu wenyewe. Mche ukiwa bado na majani mawili, mzizi huo umeshateremka chini, mwembamba kama uzi. Ukikatika ncha au ukijikunja, karoti itaota miguu miwili mitatu, na hakuna mbolea ya kuirekebisha. Panda palepale itakapokulia, kina kisichozidi sentimita 1, nyunyiza maji taratibu, kisha tandika gunia bichi juu mpaka miche ianze kuchomoza. Huchukua wiki moja hadi tatu. Tafadhali usifukue siku ya nane ukidhani mbegu zimekufa. Udongo ukikauka siku hizo ndipo zinapokufa kweli.

Wapo pia wanaoamini kuwa samadi nyingi huleta karoti kubwa. Samadi mbichi huleta majani ya kupendeza, huku chini mizizi ikijaa nywele na kupasuka panda. Tumia iliyooza kabisa, changanya na udongo na mchanga, halafu chekecha, maana hata jiwe dogo hupindisha mzizi.

Kokoto chini ya ndoo "ili maji yashuke"? Maji hutuama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, nawe umepunguza kina unachokihitaji. Toboa matundu ya kutosha, basi. Ndoo ya lita 20 ina kina cha kutosha hata kwa karoti ndefu. Beseni lenye kina cha sentimita 20 lipandie aina ya Chantenay, ambayo ni fupi na nene.

Kupunguza miche huwauma wengi, lakini iliyobanana hubaki nyembamba kama penseli. Acha sentimita 5 kati ya mche na mche. Inayozidi ikate kwa mkasi, usiing'oe ukatikisa jirani zake.

Kile kichwa cha karoti kinachowekwa kwenye kisahani cha maji kitatoa majani, pengine na maua. Karoti nyingine hakitoi.

Bega la kijani, yaani sehemu ya juu ya karoti, nalo huwatisha watu kwa sababu viazi mviringo vikigeuka kijani huwa na sumu. La karoti halina sumu hiyo, ni chungu kidogo tu. Limepigwa na jua. Lifunike kwa udongo.

Na usisubiri majani yakauke kama ya vitunguu. Baada ya miezi mitatu hivi, fukua kidogo shingoni kwa kidole. Ukiona unene wa dole gumba au zaidi, mwagilia, kisha ng'oa.