Je, Wajua ni Nani Humchagua Mtoto Anayeingia Shule Kubwa ya Bweni?

Kila Disemba hapa Kisumu salamu hubadilika. Watu huulizana, "Wako ameitwa wapi?" Iwe juu ya boda, iwe mbele ya meza ya mboga pale soko la Kibuye, jibu likishatolewa hufuata swali la pili kwa sauti ya chini: mbona wa fulani, aliyekuwa nyuma ya wangu darasani, amepata Maseno, shule ya sekondari ya kitaifa, na wangu katupwa shule ya kutwa? Wengi humalizia kwa kusema kuna mkono wa mtu. Siapi kwamba mkono haupo. Ila kuna hesabu inayoutangulia huo mkono, na wazazi wengi hawajawahi kuelezwa.

Maseno ilipoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, waliolengwa hasa walikuwa wana wa machifu. Jina la baba ndilo lililokuwa cheti. Ilipofika enzi ya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, kuanzia 1985 hadi 2023, mtihani ulichukua nafasi ya jina, lakini si kwa namna watu wanavyodhani. Shule ya kitaifa haikuwachukua waliopata alama nyingi zaidi nchini kisha basi. Kila wilaya, na baadaye kila kaunti ndogo, ilikuwa na kapu lake la nafasi kulingana na idadi ya watahiniwa. Tuseme shule fulani imetenga nafasi mbili kwa watoto wa kwenu. Wewe ni wa tatu kwenu, una alama 405 kati ya 500: umekosa. Kule Turkana aliyeongoza ana 360: ameingia. Hakukuibia. Mlikuwa kwenye makapu tofauti. Mimi naliunga mkono kapu hilo, ingawa najua limewaliza watu. Bila hilo, mabweni makubwa yangejaa watoto wa Nairobi na wa shule za kulipia, na aliyesoma bila umeme angeachwa nje hata kama ana kichwa.

Sasa mambo yamebadilika tena. Watoto wa kwanza wa Gredi ya 9 walifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2025, wakaanza Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10, Januari 2026. Masomo ni tisa, kila somo lina ngazi nane, kwa hiyo pointi haziwezi kuzidi 72. Lakini mtihani wa mwisho hubeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8. Kumbe mtoto huanza kuomba shule akiwa na miaka kumi na miwili, siku ile mzazi anaposema, "Hiki kimtihani si kitu."

Kisha kuna mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Mtoto hujaza shule kumi na mbili, na ndani yake huchagua mseto wa masomo. Hapa ndipo wengi walipojikwaa. Nafasi unayoshindania ni ya mseto fulani ndani ya shule fulani. Mwenye pointi 62 aliyetaka fizikia, kemia na biolojia pamoja na nusu ya Nyanza anaweza kukosa, na mwenye 55 aliyejaza historia na dini akalala bweni lile lile. Mfumo hupima pointi, chaguo la mtoto, usawa wa maeneo na idadi ya vitanda. Prinsipali hamwoni mtoto wako mpaka aje na sanduku. Disemba ile ya 2025 wizara ilipofungua dirisha la kuomba kubadilishiwa shule, kitanda ndicho kilichoamua mengi: kisipokuwepo, hata uwe na hoja ya wakili.

Jicho la kocha ni tofauti kabisa. Ukienda Kakamega School, vijana wa Green Commandos, timu yake ya soka, hawakukusanywa na kompyuta peke yake. Mwalimu wa michezo anayejua kazi yake huzunguka kwenye mechi za watoto, na mabao si jambo la kwanza analotazama. Humtazama kijana timu yake inapofungwa: anamgombeza kipa, au anaukimbilia mpira wavuni aurudishe katikati?

Shule za mtaala wa Uingereza, kama ile ya Turi karibu na Molo, huomba ripoti za shule ya awali na kuwapa watoto mtihani wao wenyewe. Halafu kuna karo, ambayo nayo ni mtihani, wa mzazi.

Wanaonivutia zaidi ni wale wanaotafuta shida na akili katika mtoto mmoja. Starehe ya Nairobi, iliyoanzishwa 1959 na akina Geoffrey Griffin, ina fomu yake inayochimba hali ya nyumbani. Ufadhili wa masomo wa Wings to Fly, ulioanza 2010, hutumia kamati za wenyeji na hutuma watu nyumbani kuhakikisha.

Niliwahi kukaa kwenye ziara ya namna hiyo, ya wafadhili wengine, kwa jirani yangu wa mtaa wa Manyatta anayeuza omena. Usiku wa kuamkia siku hiyo televisheni ilihamia kwangu, imefungwa leso. Mgeni aliingia, akatazama paa, akatazama mtungi wa maji, kisha macho yakatua juu ya meza. Vumbi lilikuwa limeenea kote isipokuwa mraba mmoja safi katikati. Akaandika kitu, asiseme. Akamgeukia kijana aliyeomba ufadhili.

"Ukitoka shule unafanya nini?"

"Nasoma."

Jibu la kukariri. Nilimwona mgeni anaanza kufunga daftari. Dada mdogo wa kijana, aliyekuwa mlangoni anachambua omena, akadakia bila kuinua macho: "Anadanganya. Kwanza anapeleka omena Kondele, anarudi saa mbili, anaosha vyombo, ndipo anasoma na mimi nikishikilia tochi ya simu."

Daftari likafunguliwa tena. Maswali yaliendelea karibu nusu saa, mengi yakielekezwa kwa yule msichana: simu ni ya nani, chaji wanaweka wapi, somo gani kaka yake humfundisha vizuri.

Kijana aliitwa. Televisheni ilirudi kwao jioni ile ile barua ilipofika.